Ripoti Niliyoipa Kumi na Mbili

Nakiri: mimi ni mwalimu. Kwa miaka kumi na tisa nimelikana jambo hilo, huku kila asubuhi nikiingia darasani katika sekondari moja ya huku Mtoni kufundisha Kiingereza. Nikikutana na niliosoma nao chuo kikuu, nilisema "nashughulika na masuala ya lugha." Jirani yangu mwenye duka, mzee wa asili ya Kiarabu, huniita Ticha.

"Mie si ticha, ami. Nafundisha tu kwa muda."

"Sawa, mwanangu. Na mie siuzi duka. Nimesimama tu humu ndani, napisha jua."

Shuleni nako hawakuniacha. Mwalimu wa hesabu alipenda kusema sie wa Kiingereza ni kama wageni wasiotaka kuvua viatu: tunaamini kuna ofisi yenye kiyoyozi inatusubiri mahali. Nilimcheka, kisha nikarudi kwenye simu yangu kutafuta matangazo ya kazi.

Mwaka jana ofisi hiyo ikapatikana. Shirika moja dogo lilitaka mhariri wa ripoti zake za Kiingereza. Nikavaa suti niliyoshonea harusi ya mdogo wangu, nikaenda kwenye usaili. Mkurugenzi mwenyewe akanikabidhi ripoti ya kurasa nne, akanipa saa nzima niinyooshe.

Nilikuwa na kalamu nyekundu. Sikumbuki lini niliwahi kununua ya rangi nyingine. Nikasahihisha kwa raha zangu, nikaweka alama ya vema pembeni mwa aya iliyonipendeza. Nilipofika mwisho, mkono ukaendelea wenyewe: kumi na mbili kwa ishirini, nikazungushia duara. Chini yake nikaandika kwamba mwandishi amejitahidi ila ana haraka, aongeze bidii. Nikatia saini, nikakabidhi, nikaaga.

Nilikuwa nimeshavuka barabara nilipotambua nilichofanya. Jina la mwandishi lilikuwa ukurasa wa kwanza: mkurugenzi.

Wiki nzima nilijiambia nimeichezea bahati yangu. Lakini kila nilipoikumbuka ile ripoti, nilijikuta nawaza namna ya kumsaidia yule bwana na utangulizi wake, ambao kwa kweli ulikuwa mbaya.

Ijumaa, wakati wa chai, nikiwa na chapati mkononi, simu ikaita.

"Shikamoo, mwalimu."

Mkurugenzi, mtu mwenye mvi kunizidi! "Marahaba," nikaitikia kabla sijafikiri.

"Kumi na mbili tu, kweli?"

"Ulikuwa na haraka."

Akacheka mpaka akakohoa. Akasema tangu apewe cheo hakuna aliyewahi kumwambia ukweli pale ofisini. Kazi ni yangu, nianze Jumatatu.

"Jumatatu siwezi. Kidato cha pili wananiletea insha."

"Basi Jumanne."

"Jumanne ndiyo nawarudishia, bwana."

Nikasubiri kujiona mjinga, lakini sikujiona. Akaniuliza kwa upole kama kazi yenyewe naitaka.

"Nimeitaka miaka kumi na tisa," nikamjibu. "Mpe mwingine." Na nikashangaa kuisikia sauti yangu ilivyotulia, kama ya mtu aliyeshiba.