Tangi la Njia Panda, Nikiwa Dubai

Sikutaka kwenda Dubai. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi katika wadi ninayowakilisha hawaniamini mpaka leo. Kamati yetu ya mazingira katika bunge la kaunti ilipangiwa ziara ya kujifunza uzoaji wa taka, na mwenyekiti akanipa kuelewa kwamba nikikataa nitahamishwa kamati. Nikakubali shingo upande. Kabla ya kuondoka niliwaita watu wa Mlimani na Bondeni, vijiji viwili vinavyogombania tangi moja la maji, nikawaahidi kuwa halitawekwa popote kabla sijarudi.

Mombasa, uwanja wa ndege. Msaidizi wangu Bakari alinishikia mkoba hadi mlangoni. "Mheshimiwa, usizime simu," akaniambia. "Hawa watu wana hasira."

Siku ya kwanza Dubai tulioneshwa malori ya taka yanayong'aa kuliko gari la gavana wetu. Jioni, hotelini katika mtaa wa Al Muraqqabat, alinijia Halima, binti wa Mlimani anayeuza mabuibui katika duka la jirani. Aliniletea mahamri. Alikuwa amekonda hata nikashtuka. Alinieleza alivyougua, akalala kitandani bila kuwaambia nyumbani, kisha akanishika mkono: "Mama asijue, tafadhali." Nikamwambia hatajua. Mamake, Mama Halima, ndiye sauti ya wanawake wa Mlimani.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa katika ofisi ya wazoa taka, mtaa wa Oud Metha, tukitazama michoro ukutani, ujumbe wa Bakari ulipoingia. Mhandisi wa kaunti ameleta tangi bila kumwambia mtu. Lori limekwama njia panda. Vijana wa Bondeni wamelipanda, wa Mlimani wamekuja na mapanga. "Wanasema umewauza. Piga sasa, nakuweka spika."

Nilitoka nje mbio, nikapiga kwa WhatsApp. Simu ikapokelewa. Nikasema, nikapaza sauti, nikawataja wazee kwa majina. Kimya. Nikapiga tena, kimya vilevile. Bakari akaandika: "Mbona unapiga halafu huneni? Wanasema unawadharau!"

Mlinzi wa mlangoni, kijana wa Kakamega, alinihurumia. "Madam, hapa WhatsApp ni ya kuandika tu. Calls wamefunga."

Laini yangu ya nyumbani nayo haikufanya kazi huko. Nikatuma ujumbe wa sauti. Bakari akawachezea, wakamzomea: eti nilijirekodi kabla sijaondoka. Niliona kabisa mtu akifa kwa ajili ya tangi, na jina langu likitajwa matangani.

Nikaiacha kamati, nikakamata teksi hadi dukani kwa Halima. Laini yake ilikuwa ya kupiga nje, na namba yake mamake anaijua. Lakini Halima humpigia mamake Ijumaa baada ya sala, siku nyingine kamwe. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

"Nikipiga leo atadhani nimekufa," akasema.

"Watu wameshika mapanga, mwanangu."

Akamtazama arbab wake, bosi wa duka, akaomba dakika tano. "Yalla, haraka," yule bwana akamjibu. Halima akapiga, akanipa simu.

Ilipokelewa papo hapo. "Nani amekufa?" Mama Halima aliuliza, salamu hakuna. Nyuma yake kelele za njia panda zikazimika. Kila nyumba kule ina mtoto Uarabuni, na simu ya huku siku isiyo yake huogopwa na wote.

"Hakuna aliyekufa, mama. Ni mimi, mwakilishi wenu. Niko na Halima."

"Mpe." Halima akamwambia ni mzima. "Mrudishe huyo," mama akaamuru. "Sasa sikiliza, watu wote wanakusikia. Wataka tukungoje kwa neno lako. Mwanangu huniambia kila Ijumaa kwamba amenenepa. Amenenepa?"

Halima alikuwa akinitikisia kichwa, kiganja mdomoni. Nilimwonea huruma, na niliogopa.

"Amekonda, mama," nikasema. "Aliugua. Sasa amepona, yuko kazini, lakini amekonda."

Halima akaingia nyuma ya mabuibui yaliyotundikwa, asionekane. Kwenye simu nilisikia Mama Halima akiwaambia wenzake: "Huyu hadanganyi, hajatuuza. Wekeni mapanga chini. Tangi libaki juu ya lori mpaka aje."

Likabaki. Niliporudi tulibishana mchana kutwa, mwisho tukalisimika palepale njia panda, bomba moja likapanda Mlimani, moja likashuka Bondeni. Ripoti ya taka niliandika, sidhani kama imesomwa. Nilichojifunza Dubai ni kwamba watu waliniamini kwa sababu nilimvunjia mtu ahadi, naye hakuwa na mwingine wa kumwegemea kule ugenini.

Ijumaa Halima hakupiga. Wala iliyofuata. Ndipo mamake akaja kwangu, akaweka simu yake mezani. "Mpigie wewe."

Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Safari hii akapokea.

"Mheshimiwa," akasema, "leo nimekula wali na samaki. Mwambie mama. Wewe atakuamini."