Amerika Niliyoipa Kisogo

Wakikuambia hapa Kamuli kuna bibi alitolewa kaburini akiwa mzima, usibishane nao, ni mimi, na aibu hiyo niliitafuta kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mwanangu Projestus alifia Amerika, akazikwa hukohuko. Kwetu mtu akizikwa mbali tunazika shina la mgomba kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, tunalivika sanda, tunaliaga kama mtu (katekista hapendi, lakini si yeye aliyemzaa). Shemeji yangu aliyekuwa anachimba akaniuliza kichwa kikae upande gani, nikasema kielekee aliko mwanangu, mashariki.

Mjukuu wangu Adela, yuko kidato cha pili, akasema taratibu, "Bibi, Amerika iko magharibi."

"Nyamaza. Mimi ndiye niliyemsindikiza. Basi lilielekea jua linakotoka, likampeleka Dar es Salaam baharini, akapanda ndege akavuka."

"Bahari ile ni ya Hindi, bibi. Ukiivuka unakuta Asia, na Australia kusini yake. Amerika ni huku, unapita Rwanda, Kongo, halafu bahari nyingine, Atlantiki."

Nikamwambia shule imemharibu, tena mbele ya waombolezaji wote, na shina likalazwa nilivyotaka. Ndipo katekista akatoa simu, akafungua ramani, akanionyesha. Shemeji (huyo hata msibani hafungi mdomo) akasema, "Haya shemeji, kumbe kijana tumempeleka kwa Wahindi!" Watu wakacheka huku machozi yanawatoka, nami kwa hasira nikashuka shimoni kuligeuza mwenyewe, nikaligeuza kwa tabu, kupanda sasa nikashindwa, goti limegoma, na aliyekuwa karibu ni mkwe wangu, mume wa binti yangu, ambaye tangu aoe hapa hatujawahi hata kushikana mikono kwa heshima, huyo ndiye akanishika kwapani akanivuta kama gunia la kahawa. Wanawake wakajifunika nyuso kwa kanga.

Siku hiyo sikulia. Nililia asubuhi yake. Maana kwa miaka kumi na mmoja, kila kulipokucha, nilisimama kwenye kichanja cha kahawa nikaliangalia jua linapochomoza, nikasema, "Projestus, umeamkaje huko?" Kumbe mwanangu nilikuwa nimempa kisogo.

Adela akanikuta hapo, akakaa chini miguuni pangu. Nilimtukana mbele za watu, lakini alikaa.

"Bibi, dunia ni mviringo. Hata ukienda mashariki utafika, unavuka Hindi, unavuka na Pasifiki, ila ni kuzunguka sana."

Basi labda salamu zangu zilimfikia, zimechelewa, zimechoka njiani. Mimi na mtoto aliyesoma hatutabishana tena juu ya nchi nisizozijua. Kigoda changu nimekihamishia nyuma ya nyumba, jua linakozama. Sasa naangalia upande wenyewe, ila huko hayupo tena wa kuitikia.