Mwaka Mmoja au Mitano: Kwa Mpwa Wangu Kabla Hajatia Saini

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikisikia neno mkataba hunirudia yote, na juzi uliponiwekea karatasi zako mezani ilinirudia tena. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilishuka kijijini Mkunya, nje ya Newala, nimevaa traksuti ya timu na viatu vyeupe, faili la plastiki liko kwapani. Ndani ya faili nilikuwa na karatasi mbili, kama wewe. Bibi yako, ambaye ndiye mama yangu, alikuwa ameniagiza nisitie saini popote kabla sijafika kwa kaka yake, Mjomba Dastani. Baba yangu alikuwa hai na mwenye nguvu zake, lakini desturi yetu unaijua. Jambo kubwa la mtoto lazima lipite sikioni mwa mjomba.

Kwanza ujue nilikuwa nani, maana vijana wa leo mnaniona na tumbo hili na duka la pembejeo mnadhani nilizaliwa hivi. Mpira wa kikapu nilijifunza Masasi, kwenye uwanja wa saruji wa shule ya misheni, ringi haina hata nyavu. Hakuna aliyenishika mkono. Nilikwenda Dar es Salaam na begi moja, na kwa msimu wangu wa pili nilikuwa mfungaji wa kwanza wa timu. Sijisifu. Ukitaka muulize yeyote aliyekuwa akiingia viwanjani miaka ile. Wewe unafunga vizuri, Hilda, lakini kuruka hunifikii.

Basi mkataba wangu wa kwanza ulikuwa unakwisha na timu ilitaka kuniongezea. Walinipa njia mbili nichague. Karatasi moja ilikuwa ya mwaka mmoja, mshahara mnono. Ya pili ilikuwa ya miaka minne, mshahara wa kawaida, matibabu juu ya timu, na nafasi ya kusoma chuo jioni. Kusema kweli nilipofika Mkunya nilikuwa nimekwisha kuchagua. Mwaka mmoja. Nitang'ara zaidi, mwakani watanipigia magoti, nitataja bei yangu mwenyewe.

Mjomba Dastani nilimkuta shambani, ameshika msumeno, anapogoa mikorosho.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, njomba," akajibu, kama kwetu mjomba na mpwa wanavyoitana. "Mbona unang'aa kama bati jipya? Umekuja kupumzika au umekuja kuonekana?"

Nikacheka, nikafungua faili, nikamsomea karatasi zote mbili nikiwa nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuniuliza chochote. Akafuta msumeno kwa suruali yake, akaniambia nimfuate.

Alinipeleka kwenye kipande cha shamba ambacho mwaka uliopita alikuwa amekikodisha kwa mfanyabiashara mmoja wa Masasi. Alikikodisha kwa msimu mmoja tu, kwa sababu mkewe alikuwa amelazwa na fedha zilihitajika upesi. Wewe umekulia huku, unajua mkorosho ulioangaliwa unavyoonekana. Ile haikuwa hivyo. Matawi makavu yalikuwa bado juu, mengine yanaburuza chini. Magugu yalifika magotini. Mjomba alinionyesha ncha za matawi zilivyovunjika, maana watu wa yule bwana hawakusubiri korosho zianguke zenyewe. Walipiga matawi kwa fito ili wamalize mapema waende kwingine, na walipopiga waliangusha hata vichipukizi ambavyo vingezaa mwaka unaofuata.

"Huyu alikuwa mtu mbaya?" nikamuuliza.

"Hapana. Mtu mzuri tu, alinilipa yote. Lakini aliyekodi msimu mmoja hapogoi mti, njomba. Ampogolee nani?"

Nikaelewa anakonipeleka, nikakataa kwenda. "Mjomba, mimi si mkorosho. Mimi nafunga pointi ishirini kila mechi."

"Na hii ilikuwa inazaa," akasema.

Akaniambia twende ng'ambo ya njia akanionyeshe kipande kingine, kwa sababu maneno yake hayajaisha. Nikatazama saa. Pikapu ya kwenda Masasi ilikuwa inaondoka Newala saa tisa, na Masasi kulikuwa na rafiki zangu wa shule waliokuwa wakinisubiri waione traksuti. Nikamwambia kipande kingine nitakiona siku nyingine. Aliniangalia kidogo, akarudi kwenye msumeno wake. Nikafika Dar, nikatia saini ya mwaka mmoja.

Sasa sikiliza jinsi mwaka mmoja unavyokwenda. Mchezo una dakika arobaini, na mimi nilicheza zote arobaini, mechi baada ya mechi. Mwanzoni niliona ni heshima. Goti la kulia likaanza kuvimba baada ya mazoezi, nikalifunga bandeji. Siku moja nilimsikia katibu wa timu akimwambia kocha, akidhani nimekwisha kutoka, "Huyu mwakani atakuwa kwa wenzetu. Tumtumie sasa." Hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu anayepanga kazi ya siku.

Tulikuwa na kijana mmoja, Sadiki, ambaye yeye alichukua ile miaka minne. Aliteguka kifundo cha mguu, wakampumzisha wiki sita, daktari anamtembelea, chuo anakwenda kama kawaida. Nilimtania mbele ya wote: "Sadiki, umeajiriwa kulinda benchi?"

"Nalilinda, kaka," akajibu. "Na pembeni hapa nimekuwekea nafasi yako."

Watu walicheka sana siku ile, na mimi pia nilicheka.

Lakini nisiwatupie wao mzigo wote. Goti lilikuwa langu na niliyelificha ni mimi. Nililificha kwa kocha na kwa daktari, kwa sababu nilikuwa natafuta mkataba mnono wa mwakani, na nani atampa mkataba mnono mtu mwenye goti bovu? Wazee walisema mficha maradhi kifo humfichua. Mimi si kifo kilichonifichua, ni mechi ya kawaida ya Jumamosi, wala haikuwa na watu wengi. Niliruka kuchukua mpira, nikatua, nikasikia kitu kinakatika ndani kama kamba iliyolowa. Hakuna aliyenigusa. Msimu ulikuwa umebakiza miezi miwili, na miezi hiyo miwili walinilipa kama mkataba ulivyosema. Baada ya hapo simu haikulia. Sikudhulumiwa hata shilingi, mwanangu. Ndiyo maana iliniuma zaidi, sikuwa na wa kumlaumu.

Nilirudi Newala kwa basi, mguu nimeunyoosha kwenye njia ya kati na abiria wananiruka. Nyumbani nilikaa wiki mbili sitoki nje. Wapo waliopita barazani wakisema kwa sauti ya kusikika asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo mpaka leo siipendi, ingawa sina la kuipinga. Mwishowe mama akaniitia pikipiki, akamwambia dereva anipeleke Mkunya na asikubali nishuke njiani.

Mjomba alinipokea kama mgeni. Tulinawa, tukala ugali wa muhogo na kisamvu, akazungumza habari za mvua na za kisima cha kanisa kilichokauka. Hakugusa goti wala mpira. Tulipomaliza ndipo akaniuliza:

"Siku ile na zile karatasi zako, ulikuja kuniuliza au kuniaga?"

Nilitazama chini. "Kukuaga, Mjomba."

"Basi leo uliza."

Akanikatia fimbo, tukaenda polepole mpaka ng'ambo ya njia, kwenye kile kipande ambacho sikutaka kukiona. Mikorosho ilikuwa mizuri ajabu, imepogolewa, chini pamefyekwa, mapengo yamepandwa miche mipya. Nikadhani sasa nitaambiwa kwamba mkataba mrefu ndio ulikuwa dawa, na kwamba mimi ni mjinga.

"Hiki nilikikodisha misimu minane," akasema. "Aliyekichukua anakiangalia kama mtoto wake. Mwaka wa tatu bei ikapanda. Nikawa napita hapa kwenda kanisani naona magunia yanatoka kwenye miti aliyopanda mjomba wangu, na mimi sina haki hata ya kuokota. Arusi ya dada yako tulipotaka korosho za wageni, nilinunua kwake. Akanipunguzia bei, nikamshukuru. Unajua kumshukuru mtu kwa korosho zako mwenyewe kunavyokuwa?"

Nikamuuliza sasa anafanyaje.

"Nakodisha misimu mitatu. Wa pili ukiisha tunakaa, tunatazamana, kila mtu ana ruhusa ya kusema basi. Na kabla hatujaandikiana tunatembea mti kwa mti. Ule uliooza ndani namwonyesha."

"Umwonyeshe wa nini? Si atakupunguzia?"

"Atanipunguzia huo mmoja. Akiugundua peke yake atasema shamba zima limeoza." Kisha akaniambia neno ambalo nimelibeba mpaka leo. "Wewe ulikwenda mezani kama mwenye fedha anayekodi. Ulisahau kwamba wewe ndiwe shamba, njomba. Shamba halijivuni. Linauliza nani atalilima, na likimaliza kulimwa litabaki na nini."

Mwaka uliofuata nilirudi Dar, nikafanya vibarua, nikajilipia chuo mwenyewe, nikachukua stashahada ya uhasibu kwa fedha yangu na kwa goti moja zima. Imetundikwa ukutani, umeiona. Leo Masasi ukiuliza duka la salfa ya kupulizia mikorosho lenye mizani isiyopunja, hata dereva wa bodaboda aliyefika jana atakuleta kwangu. Nimejenga Newala nyumba yenye kisima cha kuvuna maji ya mvua ambacho kiangazi chote majirani wanachota. Yote hayo nimeyapata bila kushikwa mkono. Lakini kile chuo ningekisoma bure, nikiwa mchezaji, na huenda leo ningekuwa na stashahada na magoti mawili. Nayasema haya kwako kwa sababu kwa wengine huwa siyasemi.

Sasa njoo kwenye karatasi zako. Mwaka mmoja wenye fedha nyingi, au miaka mitano yenye utulivu. Mama yako anataka mitano, rafiki zako wanataka mmoja, na wewe ulipoongea nilisikia sauti yangu mwenyewe ya miaka ishirini na mitatu. Nimezisoma zote mbili mara tatu. Ya mwaka mmoja haisemi neno lolote kuhusu ukiumia. Ya miaka mitano inakutibu, lakini haina mlango. Timu nyingine ikikutaka mwaka wa pili, hata ikiwa ya nje ya nchi, wao ndio wataamua bei, na wakitaka watakuweka benchi mpaka umri ukuache. Kwa hiyo usitie saini hata moja. Rudi kwao uwaombe miaka mitatu, matibabu na masomo yaandikwe kwa maneno na yasiwe ahadi ya mdomo, na ukimaliza wa pili uwe na haki ya kuondoka kwa kiasi kinachojulikana tangu leo. Wakikwambia haiwezekani, waulize kwa nini, halafu nyamaza wajibu. Mpe mwanasheria asome, asiwe wa kwao. Kuuliza si ujinga, na mchezaji mzuri kama wewe anasubiriwa wiki moja.

Limebaki moja, na hili ndilo lililonifanya niandike badala ya kukungoja sebuleni.

Jumapili tulipotoka kanisani watu walikuwa wanakupiga picha, na wewe unacheka. Mimi nilikuwa nyuma. Nilikuona ukishuka ngazi kwa upande, mguu wa kushoto kwanza kila ngazi, mkono kwenye ukuta. Wengine walidhani ni maringo. Mimi nimeshuka ngazi hivyo zaidi ya miaka ishirini.

Hujamwambia mtu. Najua, kwa sababu na mimi sikumwambia mtu. Ndiyo maana unautaka ule mwaka mmoja, upate fedha upesi kabla goti halijasema. Mwanangu, bandu bandu huisha gogo, na hilo goti linachongwa kila siku unayonyamaza. Nenda hospitali kwanza upigwe picha, kisha uende kwao na majibu mkononi. Sikudanganyi kwamba watafurahi. Huenda wakapunguza, huenda wakazirudisha karatasi zote mbili mfukoni, ukarudi Masasi huna mkataba. Nimelipima hilo pia. Utakuwa na miaka ishirini na mbili na goti linalotibika, na nyumba ya mjomba wako ina chumba. Ukisaini umenyamaza, goti litavunjika ndani ya mkataba wa mtu aliyedanganywa, na hapo hata matibabu yaliyoandikwa watakuwa na haki ya kukunyima.

Jumanne kuna basi la alfajiri la kwenda Dar. Nimekata tiketi mbili. Sitaongea mezani isipokuwa uniombe, nitakaa pembeni kama mjomba anavyokaa. Lakini hospitali nitaingia na wewe, na daktari akikuuliza inauma wapi, utamwonyesha mbele yangu.

Mungu akupe ulimi wa kusema kweli penye hasara. Akupe miaka mingi ya kuruka, na siku makofi yatakapokoma, miguu yako miwili ikulete nyumbani yenyewe, bila fimbo.