Mwenye Baiskeli wa Masanze

Nilikuwa nimeacha chuo cha uinjilisti na kwenda Mikumi, nikapata kazi mapokezi katika nyumba ya wageni kando ya barabara kuu. Walimu niliwaaga kwa uongo. Kule Mikumi nilijifunza kutomwamini mtu. Mwanamume akikununulia soda anataka kitu. Akikuuliza kwenu ni wapi, anataka zaidi. Kusali niliacha. Nilihisi Mungu naye ananitafutia kosa tu.

Mama aliponipigia simu kwamba anaumwa, nilipanda basi la Kilosa ili niunganishe hadi kwetu Mamboya. Mvua ilikuwa imekata barabara, basi likakwama Masanze. Abiria wengine wakasubiri. Mimi niliulizia njia ya mkato ya kutokea mbele ya pale barabara ilipokatika, nikaondoka peke yangu.

Haukupita muda nikaona nyuma yangu mzee mmoja amevaa kofia, anasukuma baiskeli. Nikaongeza mwendo. Naye akaongeza. Njia ilipogawanyika, nikakata kushoto katikati ya mahindi ili nimpoteze.

"Binti, hiyo haifiki," akaita.

Nikakimbia. Mahindi yakaisha ghafla, mbele yangu mto umefura, maji mekundu, zimebaki nguzo tu za daraja lililosombwa. Nikageuka, nikaokota jiwe.

Mzee alisimama mbali. Akalaza baiskeli chini, akachuchumaa.

"Mke wangu alikuona unapita, akajua wewe mgeni. Akahofu utakunja huku."

"Mkeo yuko wapi?"

"Nyumbani. Mimi natangulia, wewe kaa nyuma kadiri unavyotaka. Ukiogopa, simama."

Akatangulia bila kugeuka hata mara moja. Nilimfuata na jiwe langu mkononi mpaka kwenye nyumba ya bati, ambako mwanamke wa umri wa mama yangu alikuwa anasonga ugali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa ule."

Niliinusa mboga kwanza. Aliniona. Akamega tonge kutoka sahani yangu, akachovya, akala.

"Haya, kula sasa."

"Mnataka nini kwangu?" nikamuuliza.

"Ufike," akasema.

Mumewe alinipeleka kwa njia nyingine hadi barabarani, mbele ya pale ilipokatika, akangoja nipate gari, akarudi zake.

Mama nilimkuta ameweza kukaa. Nilimsimulia yote, akashangaa kuona ninavyoshangaa.

"Mama, mimi nilimkimbia Mungu. Kwa nini anitumie mtu?"

"Na huyo mzee si ulimkimbia pia?"

Jioni ile nilipiga magoti kando ya kitanda chake, maneno machache tu, huku nikingoja kukemewa. Nilingoja sana. Kilichokuja ni utulivu, na hata huo niliutilia shaka kwa siku kadhaa kabla sijauzoea.

Mama alipopata nafuu, nilimpigia simu mkuu wa chuo, nikamweleza ukweli wote. Akaniuliza kama naweza kufika Jumatatu.