Jicho la Kushoto la Dereva Wetu

Kampuni yetu ilisafirisha makontena kutoka bandari ya Durban hadi maghala ya Pinetown, na mimi nilikuwa meneja wa madereva. Ni mimi niliyewashawishi wakurugenzi wanunue mfumo wa akili bandia: kamera ndogo mbele ya kila dereva, inayomtazama usoni na kutoa taarifa akisinzia. Tulikuwa tumezika mwenzetu baada ya ajali, na niliamini kwa dhati kwamba tunaokoa maisha.

Kati ya madereva alikuwepo Mrundi mmoja wa makamo, mtu wa maneno machache. Nilipofika Durban kutoka Kenya bila kumjua mtu, ndiye aliyenipeleka kanisani kwao. Mkewe ndiye aliyekaa nami hospitalini wiki ile nilipopoteza mimba. Nilimwita kaka. Yeye, tukiwa kazini, aliniita mama, kama madereva wote walivyoniita.

Mfumo ulianza kumtaja karibu kila siku. Amesinzia. Amesinzia tena. Kila taarifa ilikuja na video yake, na sikufungua hata moja. Barua ya kumwachisha kazi pia iliandikwa na kompyuta. Ilikuwa Ijumaa, nilikuwa nachelewa kikao. Niliisoma, nikaona imeandikwa vizuri, nikatia saini.

Alikuja ofisini nayo mkononi.

"Mama, mimi sikulala. Hata siku moja."

"Mashine imekuona, kaka."

"Na wewe? Wewe umeniona?"

Nikamjibu kwamba sheria ni moja kwa wote. Aliikunja barua, akaitia kwenye mfuko wa shati, akatoka na kuufunga mlango taratibu.

Wiki tatu baadaye watu wa bima waliomba ushahidi wa kusinzia kwake, ndipo nikakaa kuzitazama zile video. Katika zote alikuwa macho. Kope ya jicho lake la kushoto ililegea na kufunika nusu ya mboni, tangu siku alipopigwa kitako cha bunduki akikimbia vita kwao. Nililijua jicho lile. Nilikuwa nimekaa nalo mezani Jumapili nyingi mno. Katika video moja alikuwa amesimama kwenye taa nyekundu, anaimba wimbo wa kwaya, na chini yake pameandikwa: amesinzia.

Nilifunga mlango wa ofisi nikalia hadi kichwa kikaniuma. Kisha nikaenda kwao, mtaa wa Overport.

Mkewe alinifungulia, akanipa kiti, hakuketi. Kaka mwenyewe alikuwa amekaa dirishani. Alikuwa amezunguka kampuni zote za malori, na kila mahali walipoisoma barua yangu walimrudishia bila kumpa kazi. Nilimwomba msamaha na kumsihi arudi kazini Jumatatu.

"Ile mashine haikunijua," alisema. "Nayo sina kesi. Lakini wewe ulikula kwangu, mama. Ungeniita tu, uniulize."

"Nilikosea, kaka."

"Najua. Nimekusamehe. Lakini kurudi pale, moyo hautaki."

Niliaga, nikaondoka.

Niliwaeleza wakurugenzi kwamba kosa halikuwa la kamera, lilikuwa langu. Mmoja alisema dereva mmoja si sababu ya kusimamisha shughuli za kampuni, nikamwambia huyo mmoja ana mke na ana jina. Tangu hapo hakuna anayeachishwa kazi kwetu kabla mtu hajaitazama video mwenyewe na kumsikiliza dereva ana kwa ana. Anayesaini huandika sababu kwa mkono wake. Nilimwandikia kaka pia barua ya kumsafisha jina, nikaipeleka mwenyewe.

Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Kwa barua hiyo alipata kazi Johannesburg, wakahama mwezi uleule. Kanisani walitangaza safari yao, watu wakasimama kuwaombea. Nami nilisimama, nyuma kabisa. Walipokuwa wakipakia vitu kwenye gari, mkewe alinikumbatia. Alinikumbatia kama mtu anayemuaga jirani, si dada.