Pengo la Mwisho Kwenye Ukuta wa Mama Vigae

Saa kumi na mbili asubuhi, Mama Vigae ameshafagia mbele ya ukumbi wa mtaa. Anaegemeza ufagio, anakoroga saruji ndani ya kopo la rangi, kisha anabandika ukutani kipande cha sahani yenye maua. Kila siku kimoja, kabla hajaendelea na barabara nyingine.

Leo hata hajakikandamiza vizuri, mwenyekiti wa mtaa anatokea. Nyuma yake yupo fundi mwashi, na karai la vigae vya bluu.

“Shoga, Jumamosi tunazindua,” mwenyekiti anasema. “Ukuta una pengo kama mtoto wa darasa la kwanza. Leo tunaliziba.”

“Hivyo ni vya dukani,” Mama Vigae anajibu bila kugeuka. “Sheria mnaijua.”

Sheria ni moja: unaleta kitu kilichovunjika nyumbani kwako. Nyumba mia moja na kumi na mbili zimeleta.

“Kile cha kijani ni changu,” mwenyekiti anasema, akikionyesha kwa kidole. “Kilimkosa mume wangu kidogo tu.”

Hapa palikuwa na jaa, na taka zilichomwa kila jioni. Binti pekee wa Mama Vigae, mwalimu wa kuchora, alikuwa na pumu. Alipita mlango kwa mlango akiomba moto ukome: vinavyooza viwe mbolea, vilivyovunjika viwe picha. Akachora ukutani kwa chaki foleni ya watu bombani.

“Walimcheka,” mama huyo wa miaka hamsini na minne anasema. “Eti mtoto wa mfagiaji anataka kufagia mpaka mawingu.”

Binti aliondoka duniani miaka minne iliyopita, usiku ambao moshi ulikuwa mzito kuliko siku zote. Tangu mazishi, hakuna aliyewasha tena moto pale. Mama, ambaye hakuwahi kushika mwiko wa saruji, alianza kuifuata michoro ya chaki kwa vipande kabla mvua haijaifuta.

Kwa kipande cha leo, limebaki pengo moja. Mwisho wa foleni yupo msichana aliyenyoosha mikono bombani, na mikononi hamna kitu. Mwaka mzima Mama Vigae amekuwa akisema anasubiri kigae cha bluu.

“Mama, bluu nimekuletea mara tatu, zote umezikataa,” fundi anasema. “Mke wangu anauliza hiyo bluu ni nani.”

Mama Vigae anacheka kidogo. Lakini fundi anapochota saruji, mama anaweka kiganja chake juu ya pengo. Hakiondoi.

“Mama, saruji inakauka.”

“Iache ikauke.”

Kwa mkono mwingine anatoa kitu mfukoni mwa koti la kazi na kukifungua kutoka kwenye kitambaa. Ni kikombe cha bluu. Hakina hata ufa.

“Ni cha mwanangu,” anasema. “Kila asubuhi nakuja nacho. Najiambia, leo nitakivunja.”

Mwenyekiti anaangalia chini. Fundi anarudisha saruji kwenye kopo, taratibu.

“Sasa, mama,” anauliza, “na sheria?”

Mama Vigae anakikumbatia kikombe kifuani.

“Kilichovunjika nyumbani kwangu ni mimi. Hiki nataka mkiweke kizima.”