Nani Alimwambia Kuwa Mume Wangu Hanywi Mvinyo?

Admin, naomba ufiche jina langu, maana sisi Waswahili wa Toronto tunajuana mpaka rangi ya mapazia. Mimi ni mama wa miaka sitini na moja, mwenyeji wa Dodoma, na ndoa yangu nilifungia hapahapa Toronto. Nakiri mapema kwamba nina wivu. Mume wangu akichelewa dakika kumi, mimi kichwani nimeshamfikisha nyumba tatu. Mnaotaka kunicheka nichekeni, lakini mnisikilize.

Haya yalitokea miaka ya tisini. Tulikuwa tunakaa Downsview, mimi nikihudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, mume wangu, tumwite Baba Eliya, akipakia mizigo ghalani. Jumamosi nyingi aliniambia ana ovataimu. Mwaka mmoja kabla nilikuwa nimemtuhumu na dada mmoja wa kwaya, nikatoa maneno mazito mbele ya watu kanisani, kumbe dada wa watu alikuwa anamfundisha Kiingereza cha mtihani wa uraia. Aibu niliyoipata siisemi. Wasimamizi wetu wa ndoa, Mama Joyce na mumewe, wakatuweka kikao sebuleni kwao. Pale nikaapa, mkono juu ya Biblia, kwamba sitamtuhumu tena mume wangu mpaka nione kwa macho yangu.

Kiangazi kilichofuata wakatualika likizo. Tuwe wanne, tukodi baiskeli kule Niagara, tupite shamba moja hadi jingine tukionja mvinyo. Nilifurahi sana, maana marehemu baba alikuwa mkulima wa zabibu, na sikuwa nimeona mzabibu tangu nitoke nyumbani. Baba Eliya hakufurahi. Mara mgongo unamuuma, mara kuendesha baiskeli amesahau, mara yeye hanywi, atafanya nini huko? Ni kweli hanywi. Mama yake aliuza pombe ya kienyeji, na aliyoyaona utotoni yalimtosha. Nikamwambia utakunywa maji.

Mashamba mawili ya kwanza yalipita salama. Mimi nilikuwa natembea kati ya mistari naeleza jinsi ya kupogoa kama bwana shamba, wenzangu wanacheka. Kila tulipoonja, Baba Eliya alisema "no, thank you," na wauzaji walimuuliza mara mbilimbili kama ana hakika. Njiani kwenda shamba la tatu akaanza kubaki nyuma. Akasema tairi halina upepo. Nikaliminya, limejaa tele.

Pale tulipokelewa na mama wa Kizungu wa makamo, kucha zina udongo. Akapanga glasi nne mezani, akamimina mvinyo mwekundu kwenye tatu. Halafu akainama, akatoa chupa nyingine chini ya meza, akajaza ile ya nne juisi ya zabibu na kuisogeza mbele ya mume wangu. Hakuuliza. Hakuna kati yetu aliyekuwa ameshafungua mdomo. Mume wangu akashukuru bila kumtazama.

Ndugu zangu, niliitazama ile glasi ya juisi. Nani alimwambia kuwa mume wangu hanywi? Nikamgeukia Mama Joyce, naye ghafla akataka kujua choo kiko wapi. Baba Eliya akamjibu, "Pita mlango ule wa kijani, halafu kushoto."

Tulipopanda baiskeli nikamuuliza kwa upole, nikikumbuka kiapo.

"Baba Eliya, yule mama alijuaje?"

"Labda ameona sura ya mlokole."

"Na choo?"

"Si kuna kibao."

Niligeuka kuangalia. Hakukuwa na kibao. Tulipopumzika nikamvuta Mama Joyce pembeni. "Dada, umeona?"

"Nimeona nini, mdogo wangu? Kumbuka ulichoapa."

Nikapanda baiskeli yangu. Ningesema nini kikaoni, kwamba mume wangu kapewa juisi? Lakini tangu wiki ile ovataimu za Jumamosi zilikoma, na hakunieleza kwa nini. Siku zikawa miaka. Watoto wamekua, wana nyumba zao. Baba Eliya ni mume mwema, magoti yakinisumbua yeye ndiye anayenipikia uji. Sijamuuliza tena hata siku moja. Kuacha kuwaza ndiko kulikonishinda.

Sasa Mama Joyce yuko hospitali na madaktari wametuambia tujiandae. Wiki iliyopita alinishika mkono, akasema, "Kuna jambo la kule kwenye zabibu. Nilimwahidi mumeo sitalisema. Ukitaka kulijua, njoo peke yako Jumapili. Usipokuja nitaelewa, nitaondoka nalo."

Nikarudi kwenye gari. Baba Eliya ndiye anayenipeleka, lakini wodini haingii, anasema harufu ya dawa inamsumbua. Siku zote huniuliza hali ya mgonjwa. Siku ile aliniuliza, "Amesemaje?" Nikamwambia anakusalimu. Akainama akanifunga mkanda, kwa sababu bega langu ni bovu.

Labda alikuwa anafanya kibarua tu kwenye lile shamba, akaona haya kuniambia. Labda kuna mtu mzima huko Niagara mwenye pua ya Baba Eliya. Miaka yote nimepekua mifuko ya mashati nikiutafuta ukweli, leo kuna anayetaka kuniwekea mkononi, na mimi naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikijua, siwezi tena kutojua. Na uji wa asubuhi bado atanipikia yeye.

Nifanye nini jamani? Niende nikasikie, au nimwache dada yangu aondoke nalo? Nishaurini, ila msikawie. Jumapili ni kesho, na Baba Eliya ameshaniuliza saa ngapi anipeleke.